Boti ya Wana Nam

Habari zilinikuta nina pini mdomoni. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya duka letu la ushonaji, pale Kaloleni, nikimpimia Mama Waliaula pindo la gauni la harusi ya mpwa wake. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, mwaka ule wa tisini na nane ambao mvua ilikataa kuisha.

"Mzee Faraji, umesikia?" Mama Waliaula alimwambia baba kutoka juu ya kigoda. "Ile boti ya vijana ya kuimba imezama."

Baba hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Vijana gani?"

"Hao wa rap. Wana Nam. Si ni nyinyi mnawashonea zile suruali za kufagia barabara? Walienda Homa Bay Ijumaa na maspika yao, wakasema watarudi jana. Hawakurudi. Leo asubuhi wavuvi wa Dunga wameona sanduku ya kanda inaelea kwenye magugu."

"Inna lillahi," baba alisema, na mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

Sikupiga kelele. Pini zile ndizo zilizoniokoa, maana mdomo ukifunguka zinaanguka au zinaingia kooni. Niliendelea kukunja pindo. Pini ya kwanza niliichoma kwenye kitambaa, ya pili kwenye kitambaa, ya tatu kwenye mguu wa Mama Waliaula.

"We Rehma, unashona mimi ama gauni?"

"Pole, Mama," nilisema, midomo imebana pini.

Baba alinitazama. Ni mtu wa kuangalia mikono ya watu, ndiyo kazi yake, na mikono yangu ilikuwa imekwisha kumchoma mteja. Niliificha ndani ya lile gauni mpaka nilipomaliza, kisha nikatema pini kwenye kisahani.

"Uzi mweupe umeisha," nilisema. "Naenda mjini mara moja."

"Nenda," baba alijibu.

Nilivuka barabara nikitembea polepole, kama msichana anayekwenda kununua uzi. Nilipokata kona nilipanda baiskeli ya boda boda na kumwambia kijana anipeleke Dunga, na akanyage kwa nguvu zote alizonazo.

Njia nzima nilikuwa nikijisemea jina lake kimoyomoyo. Dalmas. Dalmas. Nilikuwa sijawahi kulitamka kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani kwetu.

Alikuja dukani mara ya kwanza miaka miwili kabla ya siku ile, kijana mrefu wa Manyatta, ameshika ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la ng'ambo. "Fundi," alimwambia baba, "unaweza kushona suruali ambayo watu wawili wanaenea?" Baba alicheka, akanisukumia mimi ile kazi. Nilipompima kiuno alishusha pumzi na kusema, taratibu, ili baba asisikie, "Usikaze sana, dada, mimi naimba na tumbo." Nikacheka. Basi. Mambo yangu yote yalianzia kwenye kicheko kile.

Wana Nam, yaani watoto wa ziwa kwa Dholuo, walikuwa watatu: Dalmas, mwenye maneno, Enos, mwenye sauti nzito, na Gordon, mtoto wa wavuvi, aliyejua kuzungusha sahani za santuri na kuendesha boti kwa ustadi uleule. Walianza kwenye uwanja wa kanisa huko Manyatta, wakirap kwa Dholuo na Sheng mpaka mchungaji akawafukuza. Mwaka uliofuata hapakuwa na kinyozi kutoka Kondele mpaka Obunga ambaye hakuwa akipiga kanda yao. Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi alipanda basi usiku kucha kuja kununua nyimbo zao zote, wao wabaki na shukrani na picha kwenye jalada. Enos alitaka kukubali. Dalmas alikataa.

"Tukiuza nyimbo tutabaki na midomo tu," aliniambia. "Hii kitu lazima ikuwe yetu, Rehma. Kampuni. Kanda zetu, nguo zetu, spika zetu za kukodisha. Na hatuendi Nairobi kubembeleza mtu. Tunaenda ufuo kwa ufuo. Kule kuna watu wana kazi na hawana burudani."

Kwenye karatasi ya kampuni aliandika majina manne. La nne lilikuwa langu, kwa sababu ya nguo. Nililia nilipoliona, kisha nikamwomba aifiche ile karatasi mahali ambapo baba hataiona kamwe.

Dada yangu Kadija aliolewa na Mkristo wa Busia. Ilikuwa imetimia miaka minne na baba hajatamka jina lake. Sahani yake ilitolewa kabatini. Mimi ndiye niliyebaki, na mama yetu alikwisha kufariki.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, Dalmas alinikuta nyuma ya duka nikianika vitambaa. "Niache nimwone mzee," alisema. "Leo. Niingie tu, niseme."

"Hapana."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ukirudi. Tutaongea ukirudi."

Alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Hakukasirika. Alishika ncha ya kitambaa kilichokuwa kinadondosha maji, akakikamua, akakining'iniza vizuri kwenye kamba, akaondoka. Sikumuaga hata kwa neno.

*

Dunga niliikuta imejaa watu na hakuna anayeongea kwa sauti. Ziwa halikuonekana. Yale magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba yote, kijani kitupu, na upepo ulipovuma yote yaliinuka na kushuka kwa pamoja, utadhani kuna kitu kikubwa kinapumua chini yake. Wanaume walikuwa wanasukuma boti mbili kwa fito ndefu, wakikata njia kwa panga, na nyuma yao njia ilikuwa inajifunga tena.

Mama Beldina, mama yake Dalmas, alikuwa ameketi juu ya beseni la samaki lililofunikwa, miguu imenyooka. Alikuwa halii. Wanawake wenzake walikuwa wamemzunguka wakiwa wamesimama. Nilitaka kupita nijifiche nyuma ya vibanda, lakini aliniona.

"Wewe," aliita. "Si wewe mtoto wa fundi?"

"Ndiyo, Mama. Poleni."

"Kuja hapa."

Nilisogea. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

"Mimi nimezaliwa kwa hii maji," alisema. "Baba yangu alikuwa anavua, bwana yangu alikuwa anavua. Mtu akiingia kwa boti anavaa kaptula. Unajua kwa nini?"

Nilijua alikokuwa anaelekea.

"Ile suruali ulishonea mwanangu," alisema, "ile ya kitambaa nzito, mifuko kama gunia. Ikishika maji, mtu anaogelea nayo aje? Niambie. Wewe ndiye fundi."

Yadi tatu za jinzi kwa kila suruali. Nilizikata mwenyewe. Niliwahi kujivunia jinsi zilivyoanguka vizuri juu ya viatu. Nilisimama pale mbele ya mama wa mtu ninayempenda, na kitu pekee nilichokiona akilini ni kitambaa changu kikinywa maji, kikimshika miguu na kumvuta chini polepole.

"Nisamehe," nilisema.

"Sijui kama iko kitu ya kusamehe," alijibu, akainua macho kwa Mungu. "Nangoja Nyasaye aniambie."

Boti moja ilirudi kabla ya adhuhuri. Mzee Oketch, mwenyekiti wa ufuo, aliingia majini hadi kiunoni kuipokea. Aliporudi alikuwa ameshika shati la njano, limelowa, limejaa mizizi ya magugu, na mkono mmoja wa shati hilo haupo.

Kilio cha kwanza kilipanda kutoka kwa wanawake. Mama Beldina aliinua kiganja, wakanyamaza.

"Ni ya hao vijana," Mzee Oketch alisema. "Wote watatu walivaa namna hii. Swali ni ya nani. Hapa ndani iko lebo ya fundi wa Kaloleni. Mtu aende amwite."

"Hakuna haja," sauti ilisema nyuma yangu. "Niko hapa."

Sikugeuka. Nilijua hatua zile, nilijua na harufu ile ya chaki na mafuta ya cherehani. Baba alipita karibu yangu na kusema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Uzi mweupe ulikuwa kwenye droo, Rehma."

Alipokea lile shati, akalikamua kwa heshima, akalitandaza juu ya boti iliyopinduliwa mchangani. Alilipapasa mabega. Akainua kola.

Chini ya kola, mahali ambapo hakuna mtu angetazama isipokuwa fundi, kulikuwa na herufi moja ya uzi mwekundu, ndogo kama punje ya mtama. R.

Baba aliipitishia kidole gumba. "Mashati matatu nilikata mimi," alisema. "Hii herufi sikuishona."

"Basi ni ya nani?" Mzee Oketch aliuliza. "Mama hawa wanangoja, Mzee."

Ningeweza kunyamaza. Ningesema sijui, yanafanana, na ningerudi nyumbani na baba yangu na sahani yangu ingebaki kabatini. Lakini Mama Beldina alikuwa ameinuka kutoka kwenye beseni. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa umekwisha kuelewa nusu ya jambo.

"Ni la Dalmas," nilisema.

"Unajuaje?" baba aliuliza.

"Kwa sababu herufi hiyo ni yangu, Baba."

Upepo uliyapandisha magugu na kuyashusha.

"Tangu lini?"

"Mwaka mmoja na miezi."

"Kadija niliambiwa na majirani," baba alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kusikia jina hilo kinywani mwake, na alilitamka kwa shida, kana kwamba limemkwama. "Wewe nimeambiwa na shati. Watoto wangu wote wawili, hakuna aliyeniambia mwenyewe."

"Nilikuogopa."

"Naona."

"Aliomba kuja kukuona. Alhamisi. Mimi ndiye niliyemkataza."

Mama Beldina alisogea. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. "Mwanangu na msichana ya Kiislamu," alisema. "Na mimi hapa nampikia, nafua nguo yake, hata siku moja hajasema. Sasa hata kama anarudi, Mzee, hii jambo si inaniua mara ya pili?"

"Mama," baba alimjibu, "tungoje kwanza arudi. Tukishampata ndiyo tugombane." Kisha aliinama tena juu ya shati. Nilimwona akibadilika uso. Alikuwa ameanza kufanya kazi.

"Mzee Oketch, sogea. Tazama hapa. Vifungo sita. Vyote vimefunguliwa, hakuna hata kimoja kilichokatika uzi. Maji hayafungui vifungo."

"Eeh."

"Na huu mkono haukupasuka. Kitambaa kikipasuka kinaacha nyuzi ndefu, hivi na hivi. Huu umefumuliwa kwenye mshono. Kwa kisu, au kwa meno. Mtu alivua shati mwenyewe, akatoa mkono mmoja kwa utaratibu, kwa sababu alikuwa na kazi nao. Mtu anayezama hana nafasi hiyo."

"Kazi gani?" Mama Beldina aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Kufunga kitu. Au kupungia watu." Baba aliinua macho kuelekea kule kijani. "Waambie watu wako watafute kitu cha njano."

*

Saa zile zilizofuata sitaki kuzikumbuka, lakini zinakuja zenyewe. Boti nne ziliingia kwenye magugu. Mimi, baba na Mama Beldina tulikaa juu ya ubao mmoja, baba katikati. Kila fito iliposimama kule mbali nilihesabu pumzi mpaka iliposogea tena. Niliogopa wasimpate. Kisha nikaogopa wampate, wamlete amelazwa chini ya turubai. Matumaini yale aliyonipa baba yalikuwa mabaya kuliko kukata tamaa, maana sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza kwa mara ya pili.

Adhana ya alasiri ilisikika kwa mbali kutoka mjini. Baba hakuinuka. Sikuwahi kumwona akichelewa sala kwa ajili ya mtu.

Kelele zilianzia kwa watoto waliopanda juu ya mwamba. Kisha tukaiona boti ya Mzee Oketch ikipenya magugu, nzito, imekaa chini majini. Nilisimama. Nilihesabu vichwa. Wapiga fito wawili. Mzee Oketch. Enos, nilimjua kwa mabega. Gordon, ameshika kichwa.

Wa tatu hakuwa ameketi.

Nilimsikia Mama Beldina akianza kusema jina la Mungu kwa Dholuo, tena na tena, kwa sauti ya chini. Baba alinishika mkono juu ya kiwiko, akanikaza mpaka nikaumia. Boti iligota matopeni. Dalmas alikuwa amelala chali juu ya fito, kifua wazi, ana kaptula ya ndani tu, midomo imegeuka rangi ya majivu. Mama yake alifika kwanza. Alimwekea kiganja puani na kukaa hivyo, na dunia yote ikasimama.

"Anapumua," alisema.

Nililia hapo, si kabla. Nililia nikiwa nimekaa matopeni na gauni langu zuri, na sikujali anayeniona.

Enos ndiye aliyetusimulia, akitetemeka ndani ya blanketi. Jumapili jioni upepo uligeuka na magugu yakawafungia njia, injini ikanyongwa nayo. Mawimbi yakaanza kuingia. Yeye na Gordon walisema watupe spika na jenereta. Dalmas alikataa. "Alisema hiyo ndiyo kampuni yote," Enos alieleza. "Alizikumbatia. Tukabishana mpaka boti ikapinduka." Walishikilia mgongo wa boti usiku kucha. Dalmas alikwenda chini mara mbili kwa sababu ya suruali. Mara ya pili Gordon aliikata kwa kisu. Kulipokucha, Dalmas alifumua mkono wa shati akaufunga kwenye kasia, na lililobaki likachukuliwa na maji.

"Ni kweli," Dalmas alisema. Tulidhani amelala. Alikuwa amefumbua macho na anamtazama mama yake. "Nilitaka kuua wenzangu kwa sababu ya spika, Mama."

"Nyamaza kwanza, nyathina, mtoto wangu. Utatubu ukipona."

Macho yake yalihama, yakanipata, yakaangaza. Kisha yakaona nani amesimama nyuma yangu, na nikaona woga ukimwingia, kijana ambaye alikuwa amekesha juu ya maji.

Baba alivua koti lake. Alilishona mwenyewe mwaka niliozaliwa, na hakuwahi kumwazima mtu. Aliinama, akamfunika Dalmas kifua, akafunga kifungo cha juu, kisha cha pili.

"Kijana," alisema, "nimesikia ulikuwa na neno la kuniambia."

Dalmas alijaribu kuinuka. Baba alimzuia kwa vidole viwili.

"Si sasa. Ijumaa, baada ya sala. Uje na mtu mzima wa kwenu. Na utapita mlango wa mbele, kila mtu akikuona. Sijasema nimekubali. Nimesema uje."

"Nitakuja, Mzee."

"Mimi ndiye mtu mzima wake," Mama Beldina alisema, "na mimi sijakubali kitu."

"Basi tutakuwa wawili," baba alimjibu.

Pikapu ya kubebea samaki iliwashwa kuwapeleka hospitali. Waliwapandisha Enos na Gordon, kisha Dalmas, nyuma, juu ya magunia matupu. Mama Beldina aliketi mbele karibu na dereva. Mimi nilibaki nimesimama kando ya baba, maana sikujua tena mahali pangu ni wapi. Gari lilianza kusogea, likasimama. Mama Beldina alitoa kichwa dirishani. Hakunitazama usoni.

"Wewe, mtoto wa fundi. Barabara ni mbaya. Panda umshike, asigonge kichwa."

Nilimgeukia baba. Alikuwa analikunja lile shati lenye mkono mmoja, kwa uangalifu, kama linalopelekwa kwa mteja.

"Panda," alisema. "Mimi nakuja na baiskeli."

Nilipanda. Nilikiweka kichwa cha Dalmas kwenye mapaja yangu mchana kweupe, ufuo mzima ukitazama.

"Ulimwambia?" alininong'oneza.

"Alisoma mwenyewe."

"Na wewe? Ulisema nini?"

"Nilisema ni yangu."

Gari lilipita kwenye shimo, nikamkaza zaidi. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Rehma, naogopa hiyo Ijumaa kushinda vile niliogopa maji."

"Hata mimi," nilimwambia, na sikumwachilia.